Namba 31, Isiguswe

Jumapili, 8 Juni 2025

Leo nimefungua kompyuta ya Enoka. Basi, nimeandika. Nimefungua.

Tangu Machi iko juu ya kabati, nimeifunika kipande cha kitenge. Kila Jumamosi naipangusa vumbi, siifungui. Leo nimetoka kanisani, nimekula peke yangu wali wa jana, baridi inaingia mpaka chini ya mlango — nikajiuliza nitaisikiliza nyumba hii ikinyamaza mpaka lini? Miaka mitatu nimegonga ukuta wa chumba chake: Enoka, punguza! Sasa imepungua. Imepungua kabisa.

Mwanangu ana miaka ishirini na moja. Yuko Lusaka kwa kaka yangu Mbonile, anauza vipuri dukani kwake. Siku ya kuondoka tuligombana. Nilimwambia kompyuta niliinunua mimi, kwa cherehani yangu, akienda inabaki. Nilidhani ikibaki na yeye atabaki. Aliiweka mezani taratibu, akachukua begi.

Ndani mna biti thelathini na moja, midundo ya hip hop aliyoitengeneza mwenyewe. Nyingine zina majina, nyingine namba tu. Ya mwisho kaiandika "31 ISIGUSWE". Nyumba ilikuwa na watu wawili. Alikuwa anamwandikia nani?

Nimeisikiliza mara sita. Mimi ni mtu wa kwaya, hip hop siielewi. Lakini mara ya sita nilikuta nimeacha kutafuna.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka mapema, nikaifungua tena kabla ya kwenda kibandani kwangu kushona.

Biti ikifunguka inajitandaza kama kitambaa mezani. Mistari ya kusimama, mistari ya kulala, na vijisanduku vya rangi. Kila kijisanduku ni mlio, ukikigusa kinalia. Sasa mimi nina miaka ishirini na tatu kwenye cherehani, jicho langu haliwezi kuona kitu kimepinda likanyamaza. Na vile vya njano vyote vimepinda! Kila kimoja kimeupita mstari kidogo, unywele tu. Nikasema mtoto huyu, hata kazi yake mwenyewe anailipua.

Nikavisogeza kimoja kimoja. Halafu nikagundua kuna kitufe kinachonyoosha vyote kwa mpigo — raha! Vikakaa kama vifungo vya sare ya shule. Nikasevu, nikafunga. Nimeshona siku nzima nikiwa mwepesi. Nimemfanyia mwanangu kitu.

Jumatano, 11 Juni

Enoka kapiga simu! Wiki tano hajapiga, leo kapiga yeye mwenyewe. Nilikuwa na pini mdomoni, nusura nizimeze.

Hakuuliza habari. Alisema kuna mtu Lusaka ana studio, anatafuta kijana wa kutengeneza biti, amemweleza habari za namba 31. Mtu mwenyewe yuko safarini, anarudi tarehe tano Julai. Nimtumie yeye mwanangu hiyo moja tu, kabla ya siku hiyo. Akaniambia bonyeza hapa, halafu hapa. Shikamoo aliikumbuka mwishoni.

Nikakimbia nyumbani. Nikasema ngoja niisikilize kwanza.

Imekufa. Sijui niseme nini kingine. Milio ni ile ile, hakuna iliyopungua, lakini inatembea kama mgambo kwenye gwaride. Jumapili iliyopita ilikuwa inaegemea mahali. Leo imesimama wima na haimwangalii mtu.

Kapiga tena jioni. Nimemwambia umeme hakuna, nitaituma ukirudi. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda mtaa wa Mwaka kwa Violet. Huyu binti anarekodi kwaya, yetu pia aliirekodi mwaka jana. Studio yake ni chumba kimoja, ukutani amebandika trei za mayai na mablanketi. Amesoma na Enoka sekondari. Kuhusu Enoka hakuniuliza kitu, na kwa namna alivyokuwa haulizi nikaona kuna jambo. Si langu.

Kasikiliza. Kanitazama. "Mama, umeinyoosha."

Kumbe vile vya njano vinaitwa snea, ule mlio wa pa! kama kofi. Na vilichelewa makusudi. Kuna watu, anasema, wakitengeneza biti wanaiacha snea ije nyuma kidogo ya wakati wake, shingo ya msikilizaji iende kuitafuta. Hapo ndipo kichwa kinapotikisika. Nikauliza kama inaweza kurudishwa. Akasema kwa kuwa nilisevu nikafunga, basi, ya zamani haipo. Nikamwomba airudishe yeye kwa mkono. Akakataa kwa adabu.

"Nikizisogeza mimi zitachelewa kama mimi. Wewe ndiye umeishi naye, mama."

Akanifundisha kunakili biti kwa jina jingine, niharibu nakala badala ya kazi ya mtu. Hilo ningelijua wiki iliyopita! Mimi ambaye nikipewa kitambaa cha harusi najaribu kwanza kwenye shuka kuukuu.

Jumanne, 17 Juni

Masomo. Violet hataki niguse 31 kabla sijaweza kutengeneza yangu, hata mbaya.

Hesabu moja mbili tatu nne. Kiki — siyo ile ya mitandaoni, ni lile dundo zito la chini — inakaa kwenye moja na tatu. Snea kwenye mbili na nne. Katikati haihati, ts ts ts ts, kama sindano ya cherehani ikikimbia. Mwendo ni mapigo themanini na nane kwa dakika. Ndivyo tu. Nilidhani kuna siri kubwa.

Nimetumia saa nzima. Yangu imetoka kama mtu anapigilia misumari.

Alhamisi, 19 Juni

Violet anasema nina haraka. Kiki zangu zimejaa kama abiria. Punguza moja, sikiliza. Punguza nyingine, sikiliza.

Punguza! Neno lenyewe nilisema mimi miaka mitatu.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada nimekaa naye tukipiga makofi. Yeye anahesabu, mimi napiga, lakini nichelewe. Siwezi. Nikijaribu kuchelewa ama napiga wakati ule ule, ama nakosa kabisa. Kwaya imeniharibu, mwalimu wetu akikuona umechelewa anakutaja mbele ya watu. Violet kacheka mpaka akakaa chini.

Halafu kaniuliza Enoka alikuwa anagongaje. Maana watu wa biti, anasema, wanagonga — meza, ukuta, sufuria, chochote.

Ndiyo, alikuwa anagonga. Akisubiri chakula, vidole mezani. Nimekaa nikitafuta kipande kimoja, kimoja tu, nimwonyeshe. Sina. Kila alipoanza nilimwambia acha, nina kichwa. Ana miaka kumi na miwili nilimkatisha, kumi na tano nikamkatisha, juzi juzi hapa nikamkatisha. Sina hata kimoja kilichofika mwisho.

Nimerudi kwa miguu kutoka Mwaka. Sikutaka mtu anione uso kwenye bajaji.

Jumatano, 25 Juni

Mteja wa ng'ambo ya mpaka, yule mama wa Nakonde anayeshonesha kwangu sare za kikundi chake, kanikuta nagonga kidole chenye tondoo, kile kikofia cha kuzuia sindano, kwenye meza ya kukatia. Moja, pa. Tatu, pa. Mulishani bamayo, kanisalimia kwa lugha ya kwao, halafu kasimama pale na kitambaa chake begani, anasikiliza. Nilipoacha kaniuliza mbona nimeacha.

Leo nimetengeneza biti yangu ya kwanza yenye kichwa na miguu. Baa nne, yaani moja-mbili-tatu-nne mara nne, halafu inajirudia. Nimeondoa kiki mbili na haihati nusu. Nimecheka peke yangu jikoni. Nikataka kumwambia mtu — na mtu wa kumwambia ndiye yule ambaye siwezi kumwambia.

Jumapili, 29 Juni

Leo nimeweza kuchelewa.

Violet aliacha kunihesabia. Kaniambia nisiifikirie snea kama kitu cha kupiga. Niifikirie kama mtu niliyemwekea chakula mezani, najua anakuja, nasikia geti, na bado hajaingia. Nikafumba macho. Alianzisha kiki na mimi nikasubiri — nikasubiri — pa.

Tena. Pa.

"Hapo hapo mama," kasema. Kusubiri! Kumbe kinachotakiwa ni hicho! Tangu Machi sina kazi nyingine.

Nimelia kidogo. Kapunguza sauti, kajifanya anatafuta waya.

Alhamisi, 3 Julai

Siku nne nimekuwa kwenye nakala ya 31, asubuhi kabla ya kazi. Snea ni thelathini na mbili, nimezisogeza moja moja kwa sikio. Haziwezi kulingana. Nikizichelewesha zote kwa kiasi kimoja zinakuwa gwaride la walevi. Nyingine inataka kidogo, nyingine zaidi, na ya mwisho kabla haijajirudia inataka sana, mpaka unaogopa haiji.

Leo imeegemea. Nimeisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni na shingo ikaenda yenyewe. Je, ndiyo ile aliyoiacha? Sijui. Ile niliisikia siku mbili tu kisha nikaiua. Lakini hii haijafa.

Nilitaka nimwandikie kila kitu: nilifungua, niligusa, nilinyoosha. Niliandika ujumbe mrefu, nikaufuta. Nimetuma biti yenyewe tu, na chini yake "Hii hapa mwanangu. Umeme ulirudi."

Tiki mbili. Bado za kijivu.

Ijumaa, 4 Julai

Zimekuwa buluu saa tatu asubuhi. Hakuna neno.

Nimeharibu gauni la mtu. Nimekata mkono wa kushoto mara mbili.

Jumapili, 6 Julai

Enoka kapiga nikitoka kanisani. Nikaingia nyuma ya jengo, kule kunakooshewa vyombo vya sherehe.

Hakugomba. Ningependa agombe. Kaanza na shikamoo, kauliza mgongo wangu, kauliza baridi. Halafu: "Mama, hii biti nani kaigusa?"

Nimesema ni mimi. Nimesema yote, pamoja na umeme. Kuhusu kile kitufe nimeeleza mara mbili, hakuamini kama nilikipata mwenyewe. Kuhusu Violet kauliza tu, hajambo? Nikasema hajambo. Kuhusu zile snea kaniuliza nimezisogeza kwa mashine au kwa sikio. Kwa sikio, nikasema, zote thelathini na mbili.

Nikamsikia akigonga kidole kwenye kaunta.

"Ni nzuri, mama. Lakini siyo yangu."

Ndiyo maana hakumpelekea yule mtu wa studio. Hawezi kupeleka kitu kisicho chake na kusema ni chake. Kiburi hicho kakitoa wapi, sina haja ya kuuliza! Yule mtu amerudi jana, kamwambia asiyekuja na kazi aje na mikono, basi apite mwisho wa mwezi na atengeneze mbele yake. Enoka kamwambia sawa. Lakini miezi minne hajagusa mashine. Kwa Mbonile anagonga kwenye boksi za vipuri tu, na mjomba wake anamwambia aache.

Nikangoja aiombe kompyuta. Nilikuwa tayari kabisa, nilikuwa na jibu mdomoni. Hakuomba. Aliniambia tu ile nakala niitunze, ni ya kwangu, niipe jina. Halafu mteja akaingia dukani kwao.

Nimerudi nyumbani nikaketi mbele ya kabati. Nimeijua hii kompyuta mwezi mmoja. Mwezi huu nimemsikia mwanangu kuliko miaka mitatu aliyokuwa nyuma ya ukuta. Ikiondoka, nyumba inabaki na nini? Mimi na cherehani.

Na ikibaki — anabaki na maboksi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, kibanda nimefunga. Asubuhi Violet kanihamishia biti zangu tatu kwenye flashi, zote mbovu, na ile moja. Kaniuliza nimeipa jina gani. Bado.

Nimeifunga kompyuta kwa blanketi, kisha kitenge, kisha nikaitia kwenye mfuko na kuushona pande zote nne. Mshono umenyooka, huo una ruhusa ya kunyooka. Chaja nimeiweka ubavuni. Violet katia bahasha ndogo iliyofungwa, kasema ni maelekezo ya programu. Maelekezo! Sawa.

Nimevuka mpaka, naandika hapa stendi ya Nakonde, nimekaa kwenye benchi la wauza tiketi, mfuko uko mapajani. Basi la Lusaka linaondoka saa kumi ya kwetu. Dereva nimeambiwa ni mtu mwaminifu, vifurushi vya watu vinafika. Mbonile nimempigia, atakuja kukipokea kesho alfajiri. Enoka sijamwambia.

Injini imewashwa. Kijana wa mizigo anapita na daftari, anaandika jina la kifurushi na jina la mpokeaji. Watu wawili mbele yangu. Mfuko hauna uzito wowote, sijui kwa nini mikono imechoka.

Pasipoti ninayo kwenye pochi, ile niliyokata mwaka juzi kwa msiba wa shemeji kule Kitwe. Asubuhi nikivuka nimeipigisha muhuri dirishani pa uhamiaji, kwa kuzoea tu. Nguo sikubeba. Ni kanga moja, na mswaki.

Mtu mmoja mbele yangu.

Zamu yangu. Kijana ananiuliza mara ya pili, kalamu iko juu ya daftari, kama natuma au nasafiri.