Duara Nililochimba Kwenye Marando ya Boke

Kijiji cha Genkuru,
Tarime.
Agosti 14, 1993.

Mpendwa binti yangu Robi,

Ukiipata barua hii ujue imeandikwa na mtu ambaye Tarime nzima inamwulizia. Siyo kujisifu. Mwezi uliopita watu walikuja kutoka hata Sirari, wanauliza, huyo Kisyeri anakaa wapi? Nikawaambia ndiye mimi. Walinishika mkono kwa zamu.

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma, marahaba mwanangu. Newala wanakuonaje? Wanafunzi wako wanakusikia? Na kile kikohozi, kimekuacha? Sisi ni wazima, vumbi tu ndilo linatusumbua. Baba yako, kaka Nyamhanga, mguu wake umepona, anawafuata ng'ombe mpaka mtoni mwenyewe. Emanueli wangu yuko bweni Mugumu.

Kiangazi cha safari hii ni kikali. Ng'ombe wanalamba kuta za nyumba. Mihogo nimeianika juu ya mwamba, na mbuzi wanaijua njia kuliko mimi. Uzio wa boma nimeziba nusu, nusu bado, kwa sababu kila nikishika panga anapita mtu na habari: leo dhahabu imeonekana Busawe, kesho Ikoma, kesho kutwa mwanamke kapiga jembe likatoka linang'aa. Nitatuliaje? Siku hizi hata uji naunywa nimesimama.

Basi nikatumia akili. Nchi yote imekauka, lakini nyuma ya nyumba yetu pana sehemu ya kijani kama mwezi wa nne. Ndipo mama yako mdogo Boke alipokuwa anatunza marando ya viazi, mbegu ya kupanda mvua ikianza. Nikajiuliza, ardhi gani inatoka jasho kiangazi? Ardhi yenye mali tumboni!

Boke akasema, "Baba Emanueli, hapo usiguse."

Nikamwambia, "Mwezi ujao utapika viazi vya sokoni, kwenye sufuria mpya."

"Viazi vya sokoni havina marando," akasema, akabeba ndoo akaenda mtoni. Aliporudi shimo lilikuwa limenifika kiunoni, na marando yapo juu ya jalala.

Duara lile, ndivyo wachimbaji wa dhahabu wanavyoliita shimo lao, Robi, simba wawili wangelala ndani wasigusane. Siku ya nne likatoa maji, na juu ya maji povu linalong'aa rangi zote. Watu walijaa uani. Kaka Nyamhanga alivua kofia. Dullah, aliyezeeka kwenye maduara, alisema hajawahi kuona maji ya namna hiyo, na hapo alisema kweli. Wale wa Sirari walifuata povu hilo.

Boke yuko Busawe kwa dada yake, wiki ya tatu sasa. Watu nimewaambia amekwenda kusalimia. Lakini aliondoka na jembe lake na mwiko wake wa ugali, na anayekwenda kusalimia habebi mwiko. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Ikoma. Majirani wameshainua matuta. Mimi nazunguka nyumba, nikitoka nataka kuingia, nikiingia nataka kutoka. Wewe alikulea, atakusikia. Mwandikie kupitia kwa mwalimu Kornelio wa shule ya pale. Arudi kabla mvua haijashuka.

Nisalimie mume wako Mseti. Bibi Waisiko anakusalimu, meno yamebaki mawili lakini bado anacheka kwa yote. Mungu akuwekee kivuli huko uliko.

Neno moja lililobaki, usimsomee mtu. Shamsudin, yule mnunuzi wa dhahabu wa Tarime mjini, alikuja akachovya kidole kwenye maji yangu, akanusa, akaniuliza kwa heshima zote, "Mzee Kisyeri, hapa nyumbani mnaogea sabuni gani?"

Bafu letu liko nyuma ya ukuta uleule. Boke ndiye aliyechimba kamfereji kwenda kwenye marando. Miaka kumi na sita naoga pale, sijawahi kuuliza maji yanakwenda wapi.

Duara nimelifukia. Kule jalalani nilikuta marando matatu bado yana uhai, nikayarudisha palepale. Lakini maji ya mtu mmoja hayatoshi, kwa hiyo naoga mara tatu kwa siku, na maji nayafuata mtoni mwenyewe. Wanaoniulizia sasa wananikuta njiani, ndoo kichwani, kama mwali. Mwambie Boke yameshatoa majani.

Wako akupendaye,
Baba yako mdogo,
Kisyeri