Nusu Doti Kutoka Pangani

Jumapili, Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri, na upepo umekusanya majani yote ya mtaa wetu wa Malvern ukayaleta mlangoni kwangu. Nimekaa jikoni na chai iliyopoa. Sina hamu ya kula wala ya kuzungumza na mtu, ndiyo maana naandika.

Jana nilikwenda kwa Rehema.

Rehema ni binti yangu wa pekee. Ana miaka thelathini na moja, anafundisha darasa la pili, na huu ni mwaka wa tatu anaishi kwenye mji mdogo kando ya ziwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa. Mji una barabara kuu moja, gati, mnara wa taa, na watu wanaosalimiana hata kama hawajuani. Kila majani yakianza kupukutika wanafanya sikukuu yao. Wanapima maboga makubwa, wanashindana kutengeneza masanamu ya kutishia ndege, wanakunywa supu pamoja kwenye kituo cha zimamoto. Asubuhi yake wanashika reki na kwenda kusafisha nyua za wazee wasiojiweza. Kwetu Tanga tungesema wako kwenye msaragambo. Rehema ndiye katibu wa kamati.

Mtoto huyuhuyu nilimbembeleza miaka nenda miaka rudi aje kwenye shughuli za Watanzania hapa Toronto, na hata baraza la Idi alikuja kwa kuvutwa mkono. Kumbe shughuli za watu anaziweza sana. Za kwetu ndizo zilizomshinda.

Lakini sikwenda kwa ajili ya maboga. Nilikwenda kuchukua jibu.

Mama yangu yuko Pangani na ni mgonjwa. Hospitali wamesema arudishwe nyumbani apumzike, na sote tunajua maana ya kuambiwa hivyo. Agosti kuna jirani yetu wa zamani alikuja huku kumwona mwanawe, mama akampa kanga amletee Rehema. Kanga moja, si doti nzima. Doti aliikata mwenyewe kwa mkasi, kipande kimoja kikaja huku, cha pili akabaki nacho. Maneno yaliyoandikwa siyasemi hapa, ni yao wawili. Kwa akina mama wa nyumbani kwetu, ukiletewa nusu ya doti na mgonjwa huulizi kitu. Unajua mwenye nusu nyingine anakungoja, na unajua muda si mwingi.

Mama alinikanya nisiongeze neno. Alisema mjukuu wa kuvutwa kwa kamba hana raha, mpe tu, atajua mwenyewe.

Nikampa. Rehema alipita kwangu mwanzoni mwa Septemba, nikamkabidhi na kumwambia bibi yako amekata doti, nusu yako, nusu yake. Akaikumbatia. "Aww, Baba, it's beautiful," akasema. "Mwambie Bibi nimeipenda sana." Nami nikampigia mama kwa furaha, nikamwambia imepokewa kwa mikono miwili. Nikaanza kuulizia ndege za Desemba.

Wiki zikapita. Kimya.

Basi jana nimefika, nikamkuta Rehema amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, ana orodha mkononi, kila mtu anamwita. Aliponiona alikuja mbio kama alivyokuwa akija getini kwa shule ya vidudu. Akanishika mkono, akasema njoo, kuna kitu nataka ukione.

Masanamu yalikuwa yamepangwa kando ya barabara nzima, kila nyumba na kila duka na lake. Kulikuwa na polisi, bibi harusi, mpishi mwenye tumbo la majani makavu. Mbele ya maktaba ndipo lilipokuwa la Rehema. Kichwa ni boga lililochorwa macho, mikono ni vijiti, na mwilini limefungwa kanga ya mama yangu. Ameipiga pini za stepla kwenye mti ili upepo usiichukue. Upande mmoja ameukata, akalifunga sanamu kilemba. Kifuani lilikuwa na utepe wa mshindi wa pili.

"It's Bibi!" akaniambia.

Alikuwa na furaha ya kweli. Alitaka mji wake wote umwone bibi yake, na mji ulikuwa unamwona. Watoto walipiga picha naye. Mzee mmoja wa kamati akanipa mkono, akasifu kitambaa, akauliza kama kwetu tunavitengeneza kwa mkono. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikasikia aibu kwa sauti yangu mwenyewe.

Sikumkasirikia, na naomba nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilimkasirikia. Alifanya kwa mapenzi. Hakuna aliyemfundisha, basi. Mama yake tuliachana Rehema akiwa na miaka saba. Shangazi hakuwapo, bibi hakuwapo, nilikuwapo mimi, nafanya kazi kiwandani zamu mbili. Nilimfundisha kupika wali na kutomfungulia mtu asiyemjua mlango. Mambo ya kanga nilidhani wanawake wanazaliwa wakiyajua.

Tulikaa kwenye benchi pale gatini na vikombe vyetu vya supu, nikavunja amri ya mama. Nikamwambia waziwazi: bibi yako anaondoka, Rehema, anataka kukuona kabla. Ile kanga ndiyo aliyokuitia.

Akaweka kikombe chini. Akauliza kwa nini sikusema. Nikajibu kwamba nilisema. Akatikisa kichwa.

"No, Baba. You gave me a cloth."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilimpa kitambaa nikanyamaza, nikaona nimemaliza kazi.

Alilia. Alipojifuta machozi alisema jambo ambalo nimerudi nalo na nimelala nalo. Alisema angemjua angekwenda hata leo. "I was four, Baba. Nitakaa kitandani pake, halafu nitasema nini? Simjui." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeniomba nimsaidie jibu.

Miaka minne, kweli, ndiyo aliyokuwa nayo tulipoondoka nyumbani. Mwanzoni hatukuwa na karatasi. Halafu ikaja talaka, halafu kazi, halafu ikawa mazoea tu ya kusema mwakani. Nilirudi mara moja, miaka kumi na mmoja iliyopita, kumzika baba, na sikumchukua kwa sababu alikuwa na mitihani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi mwenzao mjukuu mwenyewe ndiye haji.

Wakamwita kwenye kipaza sauti, maboga yanataka kupimwa. Akasema atafikiria. Akauliza kama alivue sanamu ile kanga. Nikamwambia aiache, watu bado wanapita kuangalia. Ingekuwa ya nini tena, imekatwa na imetobolewa.

Nimeendesha gari mpaka nyumbani bila kuwasha redio.

Leo saa tatu asubuhi nimempigia mama, kwao ni alasiri. Mpwa wangu alimshikia simu sikioni. Sauti yake imekuwa nyembamba sana. Nilishajiandaa kumdanganya, nikashindwa, nikasema Rehema ana kazi nyingi msimu huu. Mama akasema kazi ni jambo jema, nisimsumbue mtoto. Hakuuliza tena habari zake.

Halafu akaniuliza, "Na wewe, baba? Wewe utakuja lini?"

Swali hilo sikuwa nimelitegemea. Katika mipango yangu yote ya Desemba nilijiona nikishuka kwenye teksi nyuma ya Rehema, nimebeba mabegi. Peke yangu sikujiona hata mara moja. Naweza kuomba ruhusa kazini, siku hizi naendesha basi la wanafunzi, na shule zikifungwa mabasi tunayaegesha. Hakuna anayenizuia. Ila nitauingiaje mlango ule bila yule aliyeitwa, nimwangalie mama usoni?

Nikasema inshallah, mama.

Nilipokuwa mdogo, jirani tusiyempenda akitualika kwake, mama alimjibu inshallah kwa sauti tamu kabisa, na mtu akishatoka, mama ananikonyeza. Ndivyo nilivyojifunza neno lile linavyoweza kutumika.

 Leo nilimsikia anavuta pumzi.

"Inshallah, mwanangu," akasema, kwa sauti tamu kabisa, kisha akamrudishia mpwa wangu simu.