Mama, Meno Yako Haikuwa Uzee

Mama yangu,

Jana nilikuwa nauza samaki ya mikebuka pale pale ulikuwa unauzia samaki, ku soko ya Baraka, na mama mumoja wa Makobola akaniuliza: "Ule mama wa kuchekacheka iko wapi?" Nilimuambia ulituacha. Mwaka wa pili sasa, na batu bado banakuulizia. Hata mi nakuulizia.

Unakumbuka siku jino la kwanza lilitoka? Ulikuwa unakula muhindi wa kuchoma. Ukalitema mu mukono, ukaliangalia, ukasema: "Mi nilizaliwa Fizi, na fizi zenyewe zinanikatala!" Tulicheka mupaka machozi.

La tatu, la ine, hatukucheka tena. Ukaanza kufunika kinywa na kitenge. Ukaacha kuimba mu kwaya, sababu maneno yalikuwa yanatoka na upepo. Na mi nilikuambia, "Mama, ni uzee tu." Uzee gani? Ulikuwa na miaka makumi tano na moja.

Nilikuchemushia maji ya chumvi ya kusukutua. Ile kiu yako isiyoisha, nikasema ni jua. Kidonda cha muguu, nikasema ni kiatu. Kumbe ugonjwa ulikuwa mumoja. Siku tulikufikisha hopitali, muganga alipima damu, akasema sukari imepanda sana. Siku ya tatu ulituacha.

Mama, mwaka huu fizi zangu zilianza kutoka damu kila nikipiga mswaki. Niliogopa, lakini nilikwenda kwa muganga wa meno. Ni mwanamuke, mupole. Aliangalia mu kinywa, hakugusa koleo, akaniuliza: "Kwenu kuko mwenye alikuwa na sukari?" Nililia kabla ya kujibu.

Alinielezea pole pole. Sukari ikizidi mu damu, fizi zinakosa nguvu ya kupigana na uchafu, zinaoza, na mufupa wenye kushika jino unalegea. Tena fizi zikiwa na usaha, sukari nayo inakuwa vigumu kushusha. Akanipima. Iko juu, mama. Sasa nameza dawa, nasafisha meno asubui na magaribi. Chai yangu haina sukari. Ungeionja, ungenipigia makelele! Meno yangu yote yangali mu kinywa.

Lakini kinachoniuma ni hiki: ile swali moja ya sukari ingewezekana kuulizwa ukiwa ungali unatembea. Siku zingine natamani hata kukusikia ukinigombeza. Nyumba imenyamaza sana.

Yaya Wilondja, mutoto wako wa kwanza, alinipigia simu toka Swima. Jino lake la nyuma linatikisika. Akaniambia anacheka: "Ni uzee, mudogo wangu."

Kesho naenda Swima, mama. Nitamuleta kupimwa, hata akasirike. Nakuahidi hilo. Lala salama.

Mutoto wako,
Alenge