Ukungu Ameacha Kufoka

Jumanne, Makambako

Mimi ndiye niliyemfundisha Ukungu kurap. Sawa, si kweli. Alipokuwa mtoto nilimfukuza dirishani kwangu kwa kelele zake, akaenda kurapia kwa jirani.

Leo kwenye kilabu cha mama yake cha ulanzi, pombe ya mianzi, hapakuwa na habari nyingine. Ukungu ameacha kufoka, sasa anaimba mapenzi kwa sauti laini kama mtu mwenye mafua. Vijana wa bodaboda wamenuna. "Ametusaliti, babu." Akina mama wanasema afadhali, sasa maneno yanasikika.

Mwenye ulanzi huonja kwanza, ndipo akukabidhi kikombe. Leo Mama Ukungu alikuwa akionja, kisha anauliza, "Wimbo mpya wa mwanangu umeuonaje?" Aliyesifu alipewa. Bodaboda wote wakasifu. Mashabiki gani hao!

Mimi nikasema, "Mama, anaimba kama anaomba msamaha." Akaonja kikombe changu mpaka kikaisha, huku ananitazama.

Nimerudi nyumbani mkavu. Hata mbwa amenishangaa.

Wimbo wenyewe si mbaya sana. Ninachoogopa ni Jumamosi, anakuja kuimba hapa mjini, na huenda akauacha ule wimbo wa zamani wa kufoka. Humo anamtaja marehemu mke wangu, Skola, na maandazi yake. Hakuna mahali pengine jina la Skola linaposikika kwa spika.

Mama Ukungu, mvua ilipoangusha uzio wako niliusimamisha mimi, ukasema nikikwama nikuambie. Nimekwama. Mwambie mwanao aanze na huo mmoja wa Skola, halafu abembeleze mpaka kuche.