Pombe ya Ndoo na Pombe ya Chungu

Malaba, Jumapili baada ya ibada

Mdogo wangu Wakesho,

Nakuamkia kwa salamu ya kwetu Taita, ambayo huku sina wa kumpa. Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, na mjukuu wako anayekusomea hana haraka ya kuruka mistari. Mwambie asome yote, hata pale nitakapochekesha. Mguu wako waendeleaje? Na macho? Uliniandikia kwamba jicho la kushoto limebaki na ukungu mtupu, na la kulia limeanza kulifuata. Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine zote. Mimi ni mzima, ila goti hunisumbua nikiinuka, na viganja vyangu vina malengelenge ambayo sababu yake utaisikia.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza ni la mwanao Righa, anayetaka kuagiza seti ya kutengenezea pombe nyumbani kwake Voi, kwa kuwa alisikia mimi nimezijaribu: achukue ya bia au ya saida, yaani pombe ya matufaha? La pili ni lako mwenyewe: nitakuja lini, uone uso wangu kabla macho hayajafunga? Nayajibu pamoja, kwa sababu mwaka huu yamekuwa jambo moja.

Unajua kwamba tangu mke wangu Amoding afariki sijalala nje ya boma hili hata siku moja. Sikukueleza sababu vizuri, nawe ukadhani nimekusahau. Katika ukoo wake mjane hasafiri kwenda kulala mbali mpaka pombe ya mwisho imwagwe kaburini. Tena pombe hiyo haipikwi na yeyote. Hupikwa na dada mkubwa wa marehemu. Ungeweza kusema hizo ni desturi za Wateso, na mimi ni Mtaita. Lakini watu hawa walinipokea nilipoletwa hapa kuwa karani wa mizigo mpakani, wakanipa binti yao, na kampuni iliyonileta ilipofunga milango hawakuniuliza nangoja nini. Siwezi kuchagua katika desturi zao zile zinazonifaa tu.

Dada mkubwa wa Amoding ni Amoit. Amepika pombe ya wimbi maisha yake yote, katika nyumba iliyo nyuma ya maegesho ya malori, na mzee yeyote wa hapa anajua chungu chake. Kazi yenyewe ni ya moto. Unga wa wimbi hukandwa na kufukiwa shimoni wiki nzima mpaka uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati la pipa kwa kuni, ukigeuzwa tangu asubuhi hadi alasiri, ndipo uanikwe na kutiwa kimea. Moshi huo ndio uliomla kifua. Mwaka jana daktari mmoja wa Busia alimwambia achague: moshi au pumzi. Akachagua pumzi, na bati likaegemezwa ukutani. Hivyo nikabaki mimi hapa, na wewe huko na macho yako, na kati yetu pombe isiyo na mpishi.

Binti yake Atyang, muuguzi Uingereza, ndiye aliyefikiri ameona njia. Alituma masanduku mawili kwa mkono wa mtu aliyekuwa akirudi. Moja la bia, moja la saida. Akaandika kwamba haya hayahitaji moto zaidi ya birika moja; mama yake ayapike mwenyewe akiwa ameketi, tuchague lililo bora, naye atatuma ya kutosha kwa siku ya Amoding. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo niliitwa mimi.

Righa asikilize hapa. Katika sanduku la bia mna kopo la shira nzito, nyeusi kama lami, ambayo ni kimea cha shayiri kilichochemshwa na maua machungu. Mna pakiti ya hamira, ndoo kubwa ya plastiki yenye bomba, kizibo chenye maji ndani kinachotoa hewa bila kuiingiza, na kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Unayeyusha shira kwa maji moto, unajaza ndoo kwa maji baridi, unangoja ipoe, unatia hamira, unafunika. Kisha wiki mbili huigusi, na ukishaitia chupani unangoja nyingine mbili. Sanduku la saida vifaa vyake ni hivyohivyo, ila badala ya shira kuna maji ya matufaha yaliyokolezwa. Halina uchungu, halina harufu ya nafaka, na wiki moja hulitosha ndooni.

Tulianza na bia, kwa kuwa Amoit alisema walau hiyo imetokana na nafaka. Alitia hamira kwa mkono wake, akaniambia kwamba pombe isiyomtoa mtu jasho humtia wasiwasi. Siku ya nne kizibo kilikuwa kikitoa mapovu mfululizo, na sauti yake ilisikika mpaka uani. Ndipo akaja Okware, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye tumekunywa naye chungu kimoja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Alikuwa na mrija wake mrefu wa kunywea chunguni.

“Karani, hii kitu imeiva. Unangoja nini?”

“Imeandikwa siku kumi na nne.”

“Imeandikwa na nani?”

“Kwenye karatasi.”

“Hiyo karatasi imewahi kunywa?”

Nilimtazama Amoit, naye akatega sikio kwenye ndoo. “Inaongea,” akasema. “Pombe ikiongea ni ya kunywa. Ikinyamaza imekufa.”

Wakesho, nimesoma vitabu vingi kuliko watu wote waliokuwa pale, nami nilikuwa na karatasi ile mfukoni. Lakini huku pombe hunywewa ikiwa hai, ingali inachemka yenyewe. Nilikuwa nimeketi kwenye duara la chungu miaka mingi mno, hata nisiweze kuiamini karatasi. Nikang’oa kizibo, na Okware akapitisha mrija tunduni, kisha mimi, kisha wazee wawili waliokuwa wakipita. Ilikuwa tamu na chungu kwa pamoja, si mbaya. Ilipopungua theluthi tukafanya kile ambacho mtu yeyote wa hapa hukifanya chungu kikipungua: tukamimina maji moto. Birika tatu. Katika chungu cha wimbi maji moto huamsha ladha, na mtu huendelea kunywa. Katika ndoo yale maji yaliua hamira yote. Kesho yake kimya. Siku ya tatu baada ya hapo ikanuka kama kitambaa cha kudeki.

Okware alisimama mbele ya ndoo akiwa amevua kofia. “Tumeiua ikiwa mtoto,” akasema, na hakuna aliyecheka, maana sote tulikuwa tukimfikiria Amoding na siku yake inayosogezwa mbele.

Saida nilikataa isiguswe. Niliifungia chumbani kwangu, nikaifunika gunia lililoloweshwa, kwa sababu joto la Malaba limeipita ile namba ya kwenye karatasi. Kila asubuhi nililowesha gunia. Ilipozidi kuwa kimya niliingiza kile kipimo cha kioo siku mbili mfululizo, na kilipoelea mahali palepale nikaitia chupani na sukari kidogo. Baada ya wiki mbili nikafungua moja.

Mdogo wangu, ilikuwa angavu kama maji ya chemchemi, na ukali wake ulikuja mwishoni, nyuma ya ulimi. Nilikaa kitandani. Ilikuwa pombe ya miwa ya baba. Si sawasawa, maana baba alitia tunda kavu la mwegea la kuichachusha, na kibuyu chake kilikaa karibu na jiko na kushika harufu ya majivu. Lakini ilikuwa ndugu yake. Nilikumbuka wewe na mimi tukitwanga miwa kinuni, naye akituonya tusilambe mikono. Kwa miaka mingi nilidhani nimesahau ladha ile, kumbe nilikuwa tu sijakutana nayo.

Kwa hiyo jibu la Righa ni hili: achukue saida. Bia ya sanduku ni nzuri kwa mtu mwenye chumba cha baridi na subira, na Voi hakuna chumba hicho, na Righa hana subira hiyo. Saida husamehe zaidi. Aoshe chupa kwa maji yaliyochemka, na asimruhusu mtu yeyote kukaribia ndoo na birika.

Nilimpelekea Amoit chupa kwa furaha, nikidhani tumepata pombe ya siku ile. Alionja, akatikisa kichwa polepole kwa kuikubali. Akaonja tena. Kisha akaiweka chini.

“Ni tamu, shemeji. Sasa niambie, siku hiyo tutakunywa namna gani?”

“Kila mtu na chupa yake.”

“Kila mtu na chupa yake,” akarudia. “Hiyo ni ya baa. Dada yangu hakufia baa.”

Nilijaribu kusema tunaweza kuimimina chunguni. Akaniuliza maji moto yatafanya nini humo, na jibu nilikuwa nimeliona ndooni. Akaniambia kwamba siku hiyo wale walionuniana lazima wapeleke mirija mahali pamoja, na ndiyo maana ya siku yenyewe. Kisha akashikwa na kikohozi kirefu kutokana na kusema sana, nami nikaona jinsi mambo yalivyofungana. Kumwacha apike ni kumzika yeye pia. Kumkataza ni kumwacha Amoding mlangoni, hajaondoka wala hajabaki, na mimi pamoja naye.

Ndipo nikasema nitakaanga mimi.

Hapa mwanamume hakaangi wimbi. Amoit alitafuta mzaha usoni mwangu. Halafu akasema, “Mkono ukiwa wako na mdomo ukiwa wangu, mpishi ni mimi.” Hivyo ndivyo tulivyofanya. Nilikwenda Butula siku ya soko kununua wimbi, nikalisaga na kulikanda, nikalitia shimoni, nikahesabu siku saba. Siku ya kukaanga aliketi mbali, upande ule upepo unakotoka, amejifunga leso puani, na fimbo mkononi ya kunielekeza. Moshi ulinijia mimi wote.

“Shemeji, unakaranga ama unasoma?” aliniuliza, kwa kuwa nilikuwa nainama kuangalia rangi. “Usiiangalie. Geuza. Rangi utasikia na pua.”

Okware alileta kiti kuja kutazama. “Karani amekuwa mama pima wa pombe,” aliwaambia waliopita barabarani. “Mkitaka kikombe, mpange laini.” Lakini mchana jua lilipokuwa kali aliinuka, akavua shati, akanipokea mwiko. Tulipokezana hadi saa kumi. Hayo ndiyo malengelenge.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi iliyopita. Amoit alimimina ya kwanza kaburini, akamwambia dada yake kwamba hii imepikwa na mume wake kwa mdomo wa dadake, na kama ina kasoro alaumu wote wawili. Kisha tukazunguka chungu, maji moto yakamiminwa, mirija ikaingia. Mrija wa Amoding uliwekwa pia, hakuna aliyeugusa. Nilikunywa kwanza, kama inavyotakiwa. Ilikuwa imeungua kidogo. Hakuna aliyesema, nami naamini Amoding angesema.

Chungu kilipofika nusu Amoit aliuchomoa mrija wa dada yake, akaupangusa kwa leso, akauvunja mara mbili, akauweka juu ya udongo. “Amekwenda,” akasema. “Na wewe enda ukaone dada yako.”

Nikamuuliza na wangu tufanyeje. Nilidhani mtu anayeondoka hupewa mrija wake aende nao.

“Wa aliye hai hauvunjwi, na haubebwi,” akasema. Akauchukua mwenyewe, akaingia nao ndani, nikamwona akinyoosha mkono na kuuchomeka kwenye paa juu ya mlango, pale anapoweka mirija ya wenyeji.

Nakuandikia hili ili usije ukadanganyika kwa furaha, Wakesho, wala nisikudanganye. Nakuja. Nitaondoka Malaba mwisho wa mwezi, nami nitakaa kwako mpaka mvua zikatike. Lakini siji kuhama. Uliwahi kuniandikia kwamba kitanda cha mama bado ni changu, na nitakilalia kama mgeni mwenye shukrani. Ukitaka kunilaumu, nilaumu nikiwa mbele yako, ukiniona.

Nisalimie mwanao Righa na mkewe, na mtoto wao anayesoma barua hii, ambaye namwombea macho ya muda mrefu. Nisalimie mke wa marehemu kaka yetu, umwambie pole ambayo sikuweza kuja kuitoa. Nisalimie yule binamu yetu mzee wa kanisa. Asiogope, pombe nitakayobeba ni kidogo. Amoit anakusalimu na anasema bado anakudai uso, kwa kuwa hajakuona. Okware anasema ukija huku atakufundisha kunywa kwa mrija bila kupuliza.

Kwenye mfuko wangu nimeweka chupa mbili za saida, nimezifunga kwa sweta. Righa asizifungue nikifika, hata akisisitiza kuwakaribisha wageni kwazo. Nataka zifunguliwe mchana, nje, penye mwanga mwingi, nawe umekaa upande wa jicho la kulia, uone povu linavyopanda.

Kaka yako mkubwa,
Mwadime