Kanda Niliyosema Imepotea

Walthamstow, Machi 1996

Mpwa wangu Protas,

Marahaba. Mihogo imefika sokoni, ila miguu yangu haifiki tena. Daktari amenipa wiki chache.

Kanda hii ninayokutumia na barua ina sauti ya yule mama Mwaborijini, mwenyeji wa asili wa Australia, aliyewafundisha wanafunzi wangu nyimbo na ngoma za kwao. Aliniambia, "Mwalimu, nikifa usiipige wala usinitaje jina mpaka binti yangu aruhusu, ndiyo mila yetu, hata ukinikumbuka vipi." Alipofariki, niliipiga kila Jumapili. Binti yake alipoiomba, nilimwandikia kwamba imepotea.

Nilidanganya. Binti huyo anaishi hukohuko Brisbane uliko; anwani yake iko juu ya kasha la kanda. Mpelekee kwa mkono wako, umwambie hivyohivyo. Akikufokea, usinitetee.

Jina la mama yake sijaliandika humu, mpaka yeye aruhusu.

Mjomba wako,
Leonard