Kompyuta ya Marehemu Baba

Mabatini, Mwanza

Dada Akelo, shikamoo.

Natangaza rasmi kwamba Jumanne, saa kumi jioni, mbele ya shahidi mmoja ambaye ni mke wangu Rose, balbu ya tochi imewaka. Nimeiunga na betri na swichi mbili: ukiwasha moja haiwaki, ukiwasha zote mbili inawaka. Kitabu changu kinasema kompyuta nzima ni mamilioni ya swichi za namna hiyo. Rose akasema, "Baba Favour, kwa mwendo huo utamaliza Yesu akirudi."

Simu zako naziona, dada. Sipokei kwa sababu utauliza picha za baba za ibada ya kumbukumbu, na hatuna nyingine zaidi ya zilizomo kwenye kompyuta yake, ambayo haijawaka tangu niitoe kwa fundi kule Igogo. Sitaki fundi mwingine aiguse. Ndiyo maana najifunza mwenyewe, kuanzia swichi mpaka diski, ambayo hutunza picha hata umeme ukikatika. Kesho naifungua.

Nduguyo,
Otuoma

Nimeifungua leo, kabla ya kufunga bahasha. Ndani hamna diski.